Ufa Usiosemwa

Mnamo tarehe 28 Aprili, 1988, baada ya saa saba mchana, abiria walikuwa wakipanda ndege katika uwanja wa mji wa Hilo, visiwani Hawaii, nchini Marekani. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja ambaye, alipoukaribia mlango, aliona ufa katika bati la ubavu wa ndege. Ufa huo ulifuata safu ya ribiti. Mwanamke huyo aliutazama, akaingia, akaketi mahali pake na kufunga mkanda. Hakumwambia rubani, wala mhudumu, wala mfanyakazi yeyote wa uwanjani.

Ndege hiyo ilikuwa Boeing 737 ya shirika la Aloha, na ilikuwa ikielekea Honolulu, safari ya chini ya saa moja. Ndani yake walikuwamo watu 95. Ilipofika kimo cha futi 24,000, yaani zaidi ya mita 7,000 juu ya bahari, mshindo mkubwa ulisikika, na paa la sehemu ya mbele likang'oka lote kwa urefu wa mita tano na nusu hivi. Nahodha Robert Schornstheimer aligeuza shingo kutazama nyuma. Mlango wa chumba cha marubani haukuwapo tena. Na mahali palipokuwa na dari, aliona anga la buluu.

Mhudumu mkongwe Clarabelle Lansing, aliyekwisha kulitumikia shirika hilo kwa miaka 37, alikuwa amesimama katika njia ya katikati akiwahudumia abiria. Upepo ulimchukua, na mwili wake haukuonekana tena. Abiria wote walinusurika kutupwa nje kwa sababu moja: taa ya kuamuru mikanda ifungwe ilikuwa ingali inawaka, nao walikuwa wameitii. Nahodha na msaidizi wake, Madeline Tompkins, waliishusha ndege kwa haraka wakaielekeza kisiwa cha Maui. Injini ya kushoto ilizimika njiani. Dakika kumi na tatu hivi baada ya mshindo ule, magurudumu yaligusa ardhi katika uwanja wa Kahului. Watu 65 walijeruhiwa, lakini 94 walitoka hai.

Yafaa kila aliye na ndugu anayesafiri kwa ndege, na kila askari apandishwaye ndege kwenda kazini mbali na nyumbani, aelewe jinsi paa la chuma linavyoweza kupasuka mchana kweupe, bila dhoruba wala risasi.

HEWA NDANI YA BATI

Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyembamba. Katika kimo cha futi 35,000, ambako ndege kubwa huruka kila siku, mtu asiye na hewa ya oksijeni hubaki na akili timamu kwa muda wa nusu dakika hadi dakika moja tu. Baada ya hapo huchanganyikiwa, kisha huzirai. Kwa hiyo ndege husukumiwa hewa ndani, mpaka abiria awe kama mtu aliyesimama juu ya mlima usiozidi futi 8,000. Mtu huweza kupumua hapo, kula, na hata kulala usingizi.

Lakini hewa hiyo iliyoshindiliwa hutaka kutoka. Huyasukuma mabati kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa tani tano juu ya kila mita moja ya mraba. Bati la ndege ile ya Hawaii lilikuwa na unene usiofika hata milimita moja.

Kila ndege ipaapo, kiwiliwili chake hujaa hewa na kutanuka kidogo. Kila ituapo, hunywea. Jambo hilo halionekani kwa macho, lakini chuma hulihisi. Mtoto anayecheza na kipande cha waya hulijua somo hili pasipo kufundishwa. Akikunja mara moja, waya haudhuriki. Akikunja na kukunjua mara nyingi mahali pamoja, waya hupata joto, hudhoofika, na mwisho hukatika ghafla, ingawa mkono wake haukuongeza nguvu. Mafundi husema kwamba chuma kimechoka.

Ndiyo maana umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka pekee. Huhesabiwa pia kwa safari. Ndege ya Aloha iliundwa mwaka 1969, na siku ya ajali ilikuwa na miaka 19. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, safari fupi fupi tangu asubuhi hadi jioni, ilikwisha kupaa na kutua mara 89,680. Waundaji wake walikuwa wamekusudia ifikishe safari 75,000. Tena iliishi maisha yake yote katika upepo wa bahari wenye chumvi. Gundi iliyounganisha mabati ililegea, unyevu ukaingia, kutu ikaanza kula. Mzigo uliopaswa kubebwa na gundi ukaziangukia ribiti. Katika matundu ya ribiti zikazaliwa nyufa ndogo ndogo, kila moja isiyo na maana ikiwa peke yake. Siku ile ziliungana.

MAFUNZO YALIYOTANGULIA

Si kwamba wataalamu hawakujua jambo hilo. Mnamo tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya Kiingereza iitwayo Comet ilianza safari ya kwanza duniani ya kuchukua abiria kwa injini za jeti. Ilitoka London ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe nchini Uganda, na Livingstone, hata ikafika Johannesburg. Tarehe 10 Januari, 1954, Comet iyo hiyo iliyofungua njia ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, muda mfupi baada ya kuondoka Roma. Watu wote 35 waliokuwamo walikufa. Ilikuwa na umri wa miaka mitatu, na safari zake zilikuwa hazijafika 1,300. Tarehe 8 Aprili mwaka huo huo Comet nyingine ilianguka baharini si mbali na Naples, wakafa watu 21.

Wataalamu wa Uingereza waliitumbukiza Comet nzima katika tangi kubwa la maji huko Farnborough. Wakaijaza maji na kuyapunguza, wakaijaza tena na kuyapunguza tena, wakiiga kupaa na kutua. Ilipofikisha jumla ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza, bati lilipasuka kuanzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa ubavuni. Kutokana na jaribio hilo ndege zilizofuata zilipewa mabati mazito zaidi na madirisha ya mviringo. Comet zilizotengenezwa upya ndizo ambazo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuzitumia mwaka 1960.

Jeraha la zamani pia lina hesabu yake. Mwaka 1978 Boeing 747 ya Japani ilipiga mkia chini ilipokuwa ikitua Osaka. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ulitengenezwa, lakini kwa makosa: kiungo kimoja kilichohitaji safu mbili za ribiti kilishikwa na safu moja. Ndege ikarudi kazini, ikaruka safari zaidi ya 12,000, na hakuna aliyegundua. Tarehe 12 Agosti, 1985, ukuta ule ulipasuka angani. Marubani walipambana na ndege isiyotii usukani kwa zaidi ya nusu saa, kisha ikaanguka milimani. Watu 520 walikufa. Wanne tu waliokolewa.

LINDO LA USIKU

Wachunguzi wa ajali ya Hawaii walieleza pia hali ya wale waliokuwa na kazi ya kukagua. Mchana ndege zilitakiwa kuruka; basi ukaguzi ulifanyika usiku. Mkaguzi hupanda jukwaa akiwa na taa kali, hutembea juu ya mgongo wa ndege, mara nyingine akiwa amefungwa kamba isije akateleza, na hutazama ribiti moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia. Zote hufanana, na karibu zote ni nzima.

Kila aliyewahi kulinda ghala au lango tangu saa sita za usiku hadi alfajiri anaifahamu hatari hiyo bila kuelezwa. Adui wa mlinzi si mwizi peke yake. Ni yale masiku mia ambayo mwizi hakuja. Jicho huzoea, na likishazoea hutazama lisione.

Baada ya ajali ile Marekani ilibadili mambo mengi. Ndege kongwe ziliwekewa ukaguzi mkali zaidi, na sehemu zilizojulikana kuchoka ziliamriwa zibadilishwe hata kama bado hazijaonyesha ufa. Mwaka 2010 ikatolewa kanuni ya kuwataka waundaji wa ndege kubwa waweke kikomo cha safari au saa, ambacho ndege haitavuka. Hivyo haifai kuiogopa ndege kwa sababu tu ni ya zamani. Ndege kongwe iliyotunzwa na kukaguliwa kwa uaminifu humfikisha msafiri salama. Ndege changa iliyotengenezwa ovyo humwangamiza.

Msafiri naye ana wajibu wake. Mkanda na ufungwe muda wote mtu aketipo, hata taa ikizimwa. Barakoa za oksijeni zikishuka kutoka darini, mzazi avae yake kwanza, ndipo amvike mtoto. Mama wengi huliona agizo hilo kuwa la ukatili. Lakini mama aliyezirai hawezi kumsaidia mwanawe, na dakika moja ni fupi mno kwa kubishana. Oksijeni hiyo hutosha hadi rubani aishushe ndege mahali penye hewa nzito.

Na likionekana jambo lisilo la kawaida, lisemwe. Yule mwanamke wa Hilo asilaumiwe kupita kiasi. Hakuwa fundi. Bila shaka watu wengi wangefikiri kwamba wenye ujuzi wamekwisha kuuona ufa ule, na kwamba si adabu kwa asiyejua kumfundisha anayejua. Askari mdogo anayesikia breki za gari la kikosi zikilia, naye akanyamaza kwa kuwa dereva ni mkubwa wake, amefikiri vivyo hivyo. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini hakuna fundi awezaye kuziba ufa ambao hakuambiwa. Mkubwa anayepokea neno la mdogo bila kumdhihaki, hata pale linapogeuka kuwa si kitu, huwafundisha walio chini yake wasinyamaze siku litakapokuwa kitu.