Baiskeli za bei rahisi: fundi wa Kambove asizikatae

Kinga mpya ya bei rahisi, yenye rangi ya kung'aa, mara nyingi inafika kwa fundi mapema kuliko ile nzee yenye bomba nene ambayo baba aliachia watoto. Ndiyo maana kuna mafundi wanaozikataa, na sababu yao si kiburi. Chuma cha pedali ni laini, meno ya buloni yanaliwa mara tu ufunguo unapogusa, na kazi ikiharibika kesho, mwenye kinga hamfuati muuzaji wa Likasi ao Lubumbashi. Anarudi kwa fundi na kelele.

Lakini kukataa hakusaidii. Katika Kambove kinga si ya mazoezi: inabeba makala, bidoni za maji, unga, hata mgonjwa. Aliyenunua ya bei rahisi alinunua iliyolingana na franka zake. Akirudishwa, mzigo hautabaki nyumbani. Utapakiwa juu ya kinga isiyo na freni, kwenye barabara moja na makamyo ya madini.

Basi freni, sheni, mipira na pedali, fundi atengeneze na alipwe. Aseme bei kabla ya kufungua buloni ya kwanza, maana vipuri viwili ao vitatu vinaweza kukaribia bei ya kinga yenyewe. Uma wa mbele ukipasuka, ao kadre ikionyesha ufa kwenye maungio, hiyo ni habari nyingine. Bomba jembamba likichomewa linadhoofika pembeni ya kiungo, na ufa wa pili unatokea papo hapo. Kumrudishia mtu kinga kama hiyo apakie magunia mawili ya makala ni kumtegea ajali. Hapo fundi akatae, hata akiongezewa pesa.

Hata Marekani, miaka michache iliyopita, mafundi walitia sahihi ombi la kutaka makampuni yaache kuuza baiskeli zisizodumu. Na kule haziteseki na makala!

Bidhaa nyingi za Haut-Katanga zinapita Kasumbalesa, na OCC ndiyo yenye kazi ya kukagua ubora wa vitu vinavyoingia. Fundi wa kando ya barabara asiachiwe kazi hiyo peke yake. OCC ingeanza na jambo dogo: kinga isiuzwe bila kuandikwa uzito inaoweza kubeba.