Sauti ya Mgonjwa ni Sehemu ya Tiba

Mwezi Juni 2000, katika hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford, Uingereza, mgonjwa aitwaye Peter Houghton aliwekewa pampu ndogo katika moyo uliokuwa umedhoofu kupita kiasi. Hali yake haikumruhusu kupandikizwa moyo wa mtu mwingine. Kwa hiyo pampu hiyo, Jarvik 2000, haikuwa ya kungojea moyo mpya, bali ya kuishi nayo siku zote. Aliishi nayo zaidi ya miaka saba, hadi Novemba 2007.

Betri zake alizibeba mkobani, na umeme ukapita kwenye kishikizo kilichofungwa kwenye fupa la kichwa, nyuma ya sikio. Pampu ya aina hiyo husukuma damu mfululizo, hivyo mhudumu anayeshika kifundo cha mkono aweza asihisi mapigo kabisa, ilhali mgonjwa yu hai na anazungumza. Houghton aliandika kitabu, akachangisha fedha ili wengine nao wapate pampu, na akawashauri waliokuwa wakijiandaa kwa upasuaji huohuo. Wahenga wamesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikilalia, ndiyo maana maneno yake yaliwafaa wagonjwa na madaktari vilevile.

Msomaji wa Makongolosi, katika mji wa wachimba dhahabu wilayani Chunya, aweza kuuliza pampu ya Oxford inamhusu nini. Swali hilo ni la haki, kwani penisilini kwa mtoto mwenye maambukizi ya koo ni kinga nafuu mno kuliko mashine yoyote. Hata hivyo, wapo tayari Watanzania wanaoishi na vifaa mioyoni mwao. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, huweka valvu bandia na betri za moyo. Upasuaji huisha kwa saa chache, lakini maisha na kifaa huendelea nyumbani, pengine zaidi ya kilomita 800 kutoka kwa aliyekiweka.

Mwenye valvu ya chuma, sawa na mwenye pampu, hutegemea warfarini maisha yake yote. Dawa ikipungua, damu huganda na kuziba valvu au kuleta kiharusi. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Kipimo cha INR ndicho kinachoonyesha mahali alipo kati ya hatari hizo mbili. Vidonge vya maumivu vya dukani, au hata metronidazoli na septrini, vyaweza kuvuruga mizani hiyo. Mama mwenye valvu akishika mimba, warfarini yaweza kumdhuru mtoto, na kuiacha bila maelekezo kwaweza kumuua mama.

Mambo hayo mgonjwa aliyefundishwa huyajua. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna anayemuuliza. Mhudumu anayemwandikia dawa kabla ya kumsikiliza anatupa taarifa muhimu kuliko zote zilizomo chumbani.

Yapo matatu yanayowezekana bila kungoja mashine mpya. Kwanza, kila anayewekewa kifaa arudi na kadi ya Kiswahili yenye jina la kifaa, dawa, kiwango cha INR kinachotakiwa na simu ya wodi, na nakala ipelekwe katika kituo cha karibu na kwake. Pili, kipimo cha INR, ambacho sasa chaweza kufanyika kwa tone la damu la kidoleni, kisogezwe wilayani, ili mtu asisafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Mbeya kwa ajili ya tone hilo. Tatu, wagonjwa wenyewe waunde vikundi, wafundishane, na wapeleke sauti yao katika kamati za usimamizi wa vituo vya afya, ambako wananchi tayari wana viti.

Fundi huweka kifaa mara moja. Mgonjwa hukitunza kila siku. Anastahili kusikilizwa kama mtunzaji, si kuhurumiwa tu.