Mikono ya Bibi Haitoshi



Kila tunapobatiza watoto katika vigango vya Mufindi, Kilolo au Rungwe, twaona jambo lile lile. Wazazi wapo, wasimamizi wapo, lakini anayempakata mtoto hadi zamu yake ifike, akimkinga na baridi kwa blanketi, mara nyingi ni bibi. Humtazama mjukuu wake kimya, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukikatia tamaa. Ndivyo Naomi, katika Kitabu cha Ruthu, alivyompakata Obedi baada ya kufiwa na mume na wanawe wawili. Bibi wengi wa Makete, waliozika wana wao kwa Ukimwi wakabaki na wajukuu, hawahitaji kufafanuliwa habari hiyo.

Twamsifu bibi, na astahili sifa. Lakini sifa peke yake haimshibishi mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, hali wastani wa nchi ni 30. Huu ndio mkoa unaolisha wengine mahindi! Basi udumavu huu hautokani na ghala tupu.

Watokana na nini? Mama aliyejifungua juzi hurudi shambani alfajiri, na mtoto hubaki kwa bibi. Alialo mtoto ni ziwa la mama, nalo liko ng'ambo ya kilima, bibi afanyeje? Humpa uji mwepesi, hata kabla ya miezi 6 ambayo maziwa ya mama peke yake yangemtosha. Baadaye uji ule ule wa mahindi huwa ndio chakula cha kutwa, kwa sababu maharage, maziwa na mayai vimekwenda sokoni. Fedha za mauzo hushikwa na mwanamume, na sehemu yake huishia kwenye ulanzi. Hatimaye mtoto akidumaa, watu husema: bibi hajui kulea.

Sisi twasema neno hilo si la haki. Wahenga walinena: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo tumemtwika mzee, tukamnyima vitendea kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yahesabu chakula kuwa wajibu wa mzazi au mlezi, wala si hisani ya baba akumbukapo. Mama anyonyeshaye apunguziwe jembe. Mavuno yasiuzwe kabla mume na mke hawajakubaliana sehemu ya mtoto. Serikali za vijiji zimkumbuke mzee aleaye yatima bila kipato. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Kumbe jambo hilo lawezekana.

Nasi wachungaji tujikosoe. Ni mara ngapi tumepokea kwa shukrani mayai ya bibi wakati wa matoleo, tusiulize kama mjukuu aliye mgongoni mwake ameonja yai wiki hiyo? Jumapili ijayo tuulize. Na akijibu kwamba hajaonja, tumrudishie mayai yake, tena kwa heshima, tukijua kwamba sadaka hiyo Mungu amekwisha kuipokea.