Mtafiti wa Nyumbani Naye Apewe Fungu

Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hilo lahusu hata utafiti wa maradhi.

Mwaka 1936 Shirika la Rockefeller la Marekani lilifungua huko Entebbe kituo cha kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1947 wataalamu wa kituo hicho walimweka kima katika kizimba juu ya miti ya msitu wa Zika, na katika damu yake wakagundua kirusi kipya, kilichopewa jina la msitu huo. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini fedha zilikuwa za wageni, swali lilikuwa la wageni, na hata majina yaliyochapwa katika taarifa yake yalikuwa ya wageni.

Baadaye mambo yalianza kugeuka. Wananchi wa Rakai waliona jirani zao wakikonda hadi kufa, wakauita ugonjwa huo Slim. Mwaka 1985 Dakta David Serwadda, mzalendo wa Uganda, pamoja na wenzake walichapisha habari zake katika jarida la Lancet la Uingereza, jina lake likitangulia. Utafiti uliofuata Rakai ulionyesha, mwaka 2007, kwamba tohara hupunguza kwa karibu nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI, ingawa haiondoi haja ya kujikinga. Habari hiyo ina faida kwa kila askari.

Hata hivyo, fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka Marekani, na mwenye fedha ndiye mwenye kuchagua swali. Kwa sababu hiyo mkutano wa Bamako, nchini Mali, mwaka 2008, uliziomba serikali zitenge kwa utafiti angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya.

Fungu hilo si sadaka. Binti aliyelelewa kambini anajua jinsi jamaa inavyohamishwa ghafla na mgonjwa akakatiza dawa zake. Siku atakapokuwa mtafiti, atauliza swali ambalo mgeni hakulifikiria. Basi wazazi wasimwachishe masomo ya sayansi, wala uzazi usimfungie mlango wa chuo. Na atakapoleta swali lake, serikali yake iwe ya kwanza kulifungulia mkoba.