Anayevuka Namanga si Msaliti

Wapo mabwana ambao wakimwona mtu wa Arusha au Moshi anatia mafuta motokaa yake alfajiri ili aende Nairobi kununua spea, humnyoshea kidole na kumwita msaliti. Husema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Husema anapeleka shilingi zetu ugenini, anawanyima kazi mafundi wetu, na kwamba dawa yake ni kubanwa pale Namanga mpaka akome.

Twawauliza swali moja tu: mabwana hawa wamepata kukanyaga breki ikakataa?

Mwandishi wa maneno haya amepata. Nilikuwa natoka Karatu na pikapu iliyojaa vitunguu vya Mang'ola, nateremka mlima kuelekea Mto wa Mbu. Pedi za breki zilikuwa na juma moja tu tangu kufungwa. Nilizinunua mjini, katika boksi zuri lenye maandishi ya Kijapani, kwa bei ya kitu halisi, bila risiti, maana muuzaji aliniambia risiti itaongeza bei. Katikati ya teremko kanyagio likazama. Moshi ukatoka magurudumuni. Kilichotuokoa mimi na utingo wangu ni gia ya kwanza na ukingo wa mlima. Fundi alipozifungua pedi zile, zilikuwa zikimomonyoka kama mkate mkavu. Nikarudi dukani. Nikajibiwa: "Kitu kikishafungwa hakirudi."

Mwezi uliofuata nami nilivuka Namanga. Basi kama huo ni usaliti, andikeni na jina langu.

Lakini kabla hamjaandika, tusemezane kama ndugu. Mtu anayevuka mpaka kutafuta pedi ya breki hafuati anasa. Hakwenda kununua manukato. Anakimbia kudanganywa. Ukitaka kumrudisha, usimfunge miguu. Mwondoe yule anayemdanganya.

Tena dawa hii ya kufunga mpaka si mpya. Tumekwisha kuinywa, na wazee wetu wanaukumbuka uchungu wake. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Serikali yetu ikafunga mpaka na Kenya. Ulikaa umefungwa mpaka 1983. Je, katika miaka ile spea zilijaa madukani kwetu? Ulizeni waliokuwa madereva. Malori yalilala juu ya mawe kwa kukosa tairi na beringi. Mabasi yalichinjwa, moja likatolewa viungo ili jingine lipate kutembea. Waliofaidi ni walanguzi waliopita njia za panya usiku na kuuza kwa bei waliyotaka wao. Mpaka uliofungwa haukumzaa fundi hata mmoja wala haukujenga kiwanda hata kimoja cha nati. Kwa hiyo anayetaka turudi huko, na atueleze safari hii kitabadilika nini.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana ukweli hauna rafiki. Wapo wenzetu wanaovuka na kurudi wakijigamba. Hukaa kijiweni wakasema Nairobi kila kitu ni rahisi, na mafundi wetu hawajui kitu. Hao nao twawaambia: leteni kalamu tupige hesabu.

Kutoka Arusha mpaka Namanga ni kilomita kama 110. Kutoka Namanga mpaka Nairobi ni kama 165. Kwenda na kurudi ni kilomita 550. Motokaa inayokwenda kilomita 10 kwa lita itakunywa lita 55. Ongeza bima ya kadi ya njano ya COMESA. Ongeza chakula na pengine malazi. Ongeza siku moja au mbili za kazi uliyoiacha. Mtu aliyefuata injini nzima au giaboksi huenda akapata faida. Mtu aliyefuata filta ya mafuta na plagi nne amejidanganya mwenyewe, wala hakuhitaji muuzaji wa kumdanganya.

Kisha kuna forodha. Wengi hudhani kwa kuwa sisi ni Jumuiya, basi kitu chochote kitokacho Kenya hupita bure. Sivyo. Kisichotozwa ushuru wa forodha ni kitu kilichotengenezwa ndani ya Jumuiya, nacho kiwe na cheti cha uasilia. Betri iliyotengenezwa Nairobi ni mtoto wa Jumuiya. Beringi ya Japani au pedi ya China iliyolala tu katika duka la Nairobi si mtoto wa Jumuiya, ni mpita njia, na forodha ina haki ya kuidai ushuru. Ndiyo maana utawaona watu wanaficha spea chini ya viti, kisha wanatetemeka mbele ya askari, na akiba yote inaishia mfukoni mwa mtu asiye na risiti. Ndugu, uliza kwanza kabla hujanunua. Kituo cha pamoja cha Namanga, walichokizindua Marais Magufuli na Kenyatta Desemba 2018, kilijengwa ili watu wapite mchana kwa haki. Hakikujengwa ili wafundishwe kunong'ona.

Tena msidhani ng'ambo ni peponi. Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wa Nairobi bado huiita Grogan kwa jina la mlowezi, imejaa spea za kila aina, na katika kila aina zimo nzuri na mbaya. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Mtu hanunui chandarua mahali pasipo mbu.

Basi twafika kwenye kiini cha shauri. Kwa nini spea moja, iliyotoka kiwanda kimoja huko Asia, iwe na bei moja Nairobi na bei nyingine Arusha? Kodi haielezi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni 18 kwa mia Tanzania Bara na 16 kwa mia Kenya. Tofauti ya 2 kwa mia haimwamshi mtu alfajiri. Ushuru wa vitu vitokavyo nje umekuwa wa pamoja tangu 2005, ingawa kila nchi huomba ruhusa ya kupotoka hapa na pale. Bandari pia haielezi yote, kwani sisi tuna Dar es Salaam na Tanga, wao wana Mombasa.

Kinachoeleza ni mambo mawili. La kwanza ni wingi. Kenya inaunganisha magari Mombasa, Thika na Nairobi, na palipo na kazi hiyo huzuka watengeneza betri, springi na filta, na maduka yanayouza upesi kwa faida ndogo. Sisi tunanunua mmoja mmoja, kila mtu na shida yake, kwa mtu wa tano aliyenunua kwa mtu wa nne. La pili ni uaminifu. Palipojaa vitu vya uongo, hata kitu cha kweli hupandishwa bei, kwa sababu muuzaji anajua mnunuzi ana hofu. Hofu yako ndiyo faida yake.

Na hapa ndipo penye aibu yetu kubwa. Arusha, mji ule ule ambao watu wake huenda Nairobi kutafuta matairi, ulikuwa na kiwanda cha matairi. General Tyre ilianzishwa mwaka 1969. Serikali ilikuwa na hisa 74 kwa mia, na kampuni ya Continental ya Ujerumani 26 kwa mia. Malori ya Afrika Mashariki yalitembea juu ya jasho la wafanyakazi wa Arusha. Mwaka 2009 mashine zikanyamaza. Tangu hapo tumesikia ahadi za kukifufua kila msimu wa ahadi, na ahadi hazibebi mzigo barabarani.

Wala Kenya wasitucheke. Kiwanda cha Firestone cha Nairobi, kilichoingia baadaye mikononi mwa Sameer, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016, kikishindwa na matairi rahisi ya kutoka nje. Hebu fikirini, wananchi: nchi mbili jirani, kila moja ilikuwa na kiwanda chake, kila moja ikakiacha kife peke yake, na sasa watu wa nchi zote mbili wanavuka mpaka huku na huku kutafutiana tairi ambayo hakuna kati yao anayeitengeneza! Mtu wa Arusha anayesema amenunua tairi "ya Nairobi" amenunua tairi ya Asia iliyobadilisha gari njiani. Akiba yake ni ya kweli kwake yeye, na hatumwonei wivu. Lakini haikumnufaisha mfanyakazi wa Arusha wala wa Nairobi.

Basi tufanye nini? Maneno matupu hayafungi nati. Twasema haya.

Kwanza, sheria ifanye kazi. Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu 1963. Shirika la Viwango tunalo. Tume ya Ushindani tunayo. Basi anayeuza breki ya uongo asitozwe faini kama mtu aliyeegesha motokaa vibaya. Huyu anauza vifo ndani ya boksi. Mzigo wake uteketezwe hadharani, na duka lake lijulikane kwa jina.

Pili, sisi wenyewe tudai risiti. Risiti ndiyo ushahidi wako siku ya kesi. Niliponunua pedi zile bila risiti, nilimsaidia mwizi kujificha. Nalisema wazi ili mwingine asirudie. Tena soma namba iliyochapwa juu ya spea yenyewe, usisome boksi tu. Na umwombe fundi akurudishie spea ya zamani uitazame kwa macho yako.

Tatu, tumheshimu fundi wetu, naye ajiheshimu. Kijana wa chini ya mti anayefungua injini kwa spana tatu na kuirudisha ikaunguruma si mjinga. Mpe mafunzo ya VETA, mpe kipimo na kompyuta ya kusomea magari ya kisasa, kisha umdai kazi safi. Lakini fundi anayekula njama na muuzaji ili ufungiwe kitu kibovu huyo ni kupe, na vyama vya mafundi vimtoe bila huruma.

Nne, na hili ndilo kubwa: tununue kwa pamoja. Lita zile 55 za safari ya Nairobi, zikigawanywa kwa wenye magari kumi, ni lita tano na nusu kwa kila mmoja. Mmoja anakwenda, tisa wanabaki kazini. Wakiwa mia, hawana haja ya kwenda Nairobi hata kidogo: wataagiza kwa mtengenezaji mwenyewe, mzigo utashukia Dar es Salaam au Tanga, na wale watu watano wa katikati watatafuta kazi nyingine. Hili si ndoto. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kikaandikishwa, tena chini ya mkoloni aliyewatazama kwa jicho baya. Wazee wale waliweza kuuza kahawa yao kwa pamoja. Sisi tulio huru tunashindwaje kununua beringi kwa pamoja? Wenye daladala, wenye bodaboda, wenye malori ya vitunguu, kila kundi lina viongozi na daftari. Liongezeni daftari hilo ukurasa mmoja wa spea.

Tano, Serikali za pande zote mbili zikae meza moja. Kama soko la nchi moja halitoshi kulisha kiwanda cha matairi, soko la Jumuiya nzima laweza kukilisha. Kijengwe kimoja chenye nguvu badala ya viwili vya kufia mlangoni. Kikiwa Arusha tutashukuru. Kikiwa Thika au Jinja, angalau fedha yetu itakuwa imebaki nyumbani kwa jirani.

Kwa hiyo, ndugu mwanachama, ukimwona mwenzio anavuka Namanga alfajiri, usimtukane. Mwulize anafuata nini, kwa bei gani, na kwa nini hakukipata hapa. Andika majibu yake. Wakijibu hivyo watu ishirini wa tawi lako, mtakuwa na orodha ya kwanza ya ushirika wenu, na tena mtakuwa na hati ya mashtaka dhidi ya walanguzi wa mji wenu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tumekwisha kunyosheana vidole vya kutosha. Sasa tuvikunje viwe ngumi moja.