Zaburi ya 104 na mahindi ya mama mjane

Mwaka jana, baada ya mavuno, kwaya yetu iliomba kwenda kuona wanyama Serengeti. Kwetu Bunda hifadhi ni jirani. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, na miaka yote tumelipita tukiwa kwenye basi huku wageni wakiingia. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuingia.

Nyumbu walishapita kwenda kaskazini. Tuliona viboko wa mto Grumeti na mamba wake, kisha tukakuta kundi la tembo, jike mzee mbele na watoto katikati. Simu zote zikainuliwa. Mimi nilikuwa nimeandaa tafakari juu ya Zaburi ya 104.

Mama mmoja mjane, mwimbaji wa sauti ya pili, hakuinua simu. Akaniambia polepole, "Baba, hawa mimi nawajua kwa sauti. Leo ndiyo mara ya kwanza kuwaona mchana."

Nilikunja karatasi yangu. Zaburi ile imegawa zamu: usiku simba wanatafuta chakula chao kwa Mungu, jua likichomoza wanarudi kulala, naye mwanadamu anatoka kwenda kazini mpaka jioni. Nimeipenda tangu seminarini. Sikuwahi kujiuliza inasikikaje kwa mtu anayefanya kazi mchana na usiku yuko kwenye dungu anapiga debe. Msimu ule tembo walikula mahindi yake kwa usiku mmoja.

Serikali ina malipo yanayoitwa kifuta jasho. Jina lenyewe linakiri kwamba si fidia.

Sisemi tembo wauawe. Mungu alipomjibu Ayubu, alimwonyesha mbuzi wa mwituni, punda mwitu, mbuni na tai, viumbe ambao Ayubu hakuwafuga wala hakuwala. Ni wa Mungu, naye anawatunza bila kutuomba ruhusa. Lakini Ayubu alionyeshwa hayo akiwa ameketi majivuni. Sisi tuliyasifu tukiwa kwenye viti vya basi la kukodi, na gharama ya kuwatunza wale tembo alikuwa ameilipa mwenzetu aliyekaa kiti cha nyuma. Tena aliilipa peke yake, wakati jumuiya yake ina nyumba kumi na nne! Hapo ndipo nilipoona aibu, maana kila Jumamosi tunasali pamoja.

Kwa hiyo msimu huu jumuiya imepanga zamu. Kila nyumba inatoa mtu mmoja wa kulinda naye usiku mmoja, na vijana wamezungushia shamba kamba zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu. Wapo waliolalamika kwamba padri anawaongezea kazi. Mimi nimeandikwa Alhamisi. Tochi ninayo, debe nimeazima jikoni kwa masista.