Darasa liko kwenye simu, bando analipa nani?

NI saa mbili na nusu usiku. Kwenye kibanda kimoja karibu na mzunguko wa Mulago, hapa Kampala, mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka zamu ananunua bando la siku moja. Anaweka simu sikioni, na mimi niliyesimama nyuma yake nikisubiri kutoa pesa ninaisikia sauti yangu mwenyewe ikimweleza kwa nini hatusemi "mgonjwa yangu" bali "mgonjwa wangu". Somo hilo la dakika tatu nilikuwa nimelirekodi alasiri na kulituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Hakujua kwamba mwalimu yuko nyuma yake kwenye foleni.

Kundi hilo lina watu thelathini na kitu. Wamo wauguzi, wafanyabiashara wanaovusha mizigo Busia na Malaba, na wenzangu waliorudi nyumbani wakiwa na Kiswahili cha kusikia tu, wakitaka sasa kujua kukiandika. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwezi Julai 2022 utekelezaji wa uamuzi wa Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi, wengi wao ndipo walipoanza kunitafuta. Hatuna jengo, hatuna kengele, hatuna ubao. Tuna simu.

Swali ninalotaka tujiulize leo ni dogo, lakini lina uzito. Je, hii ni shule au si shule? Maana kama ni shule, zipo haki zake na upo wajibu wake. Kama si shule, basi tuendelee kama tulivyo, kila mtu na bahati yake.

Naomba nianzie mbali kidogo. Mwaka 1987 vita vilipoanza Teso, nikiwa na miaka minane, baba alituvusha mpaka tukaenda kuishi upande wa Kenya, si mbali na Malaba. Huko ndiko nilikosoma mpaka kidato cha nne, nikarudi Uganda mwaka 1997. Darasani kwetu kitabu kimoja kilisomwa na watoto sita. Lakini shule ilikuwa na redio, na saa za vipindi vya shule vya redio ya taifa ya Kenya mwalimu aliiweka mezani, akatunyamazisha, tukasikiliza. Kipindi kilipokwisha aliizima haraka, kisha akauliza maswali.

Nyumbani nako kulikuwa na redio, lakini betri zake zilikuwa za baba. Zilihifadhiwa kwa habari za Uganda na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Nililalamika sana wakati ule. Leo ninamwelewa, kwa sababu mkimbizi bila habari za kwao ni kama amefungiwa chumbani. Ila nilijifunza jambo ambalo sijalisahau: chombo kinaweza kuwepo, sauti ikawepo na mwanafunzi akawepo, na somo lisifike kwa sababu ya betri mbili. Bando ndiyo betri ya leo.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba redio haikutufundisha peke yake. Ilitufundisha kwa sababu ilipozimwa alikuwepo mtu wa kuuliza na wa kujibu.

Tuje karibu. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya corona. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba mwaka huo, mengine yakarudi kwa zamu mwaka uliofuata, yakafungwa tena Juni 2021, na milango haikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kiasi hicho, na watoto walioguswa walikuwa takriban milioni 15. Serikali ilichapisha masomo ya kusomea nyumbani, ikaweka vipindi kwenye redio na televisheni. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na mtandao wake wa masomo, MUELE. Sisi walimu wa shule binafsi tulibaki bila mshahara, na wengi wakaingia kwenye bodaboda na biashara za sokoni.

Mimi nilianza kufundisha kwa simu. Sikuwa na mbinu yoyote. Siku za kwanza nilituma kurasa nzima za kitabu nilizozipiga picha. Hakuna aliyezisoma, kwani zilimaliza bando na hazikusomeka kwenye kioo kidogo. Baadaye nikajua dawa yake: ujumbe wa sauti usiozidi dakika tatu, swali moja tu, jibu liandikwe kwa kalamu kwenye daftari, kisha lipigwe picha na kurudishwa. Nami nilijibu kila daftari kabla ya kulala. Hapo ndipo kundi likawa darasa.

Lakini si kwa wote. Nilikuwa na mwanafunzi anayeishi Kifumbira, bondeni hapa, ambaye simu ya nyumbani kwao ilikuwa ya baba yake, mwendesha bodaboda. Simu iliondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Majibu ya binti huyo yalinifikia saa nne, picha zikiwa na kivuli cha mshumaa. Yeye alirudi shuleni Januari 2022. Watatu wa darasa lake hawakurudi kabisa, na wote watatu ni wale ambao nyumbani kwao hapakuwa na simu ya intaneti. Siwezi kuapa kwamba simu ingewaokoa. Ninachojua ni kwamba kwa miezi ishirini sikuwa na njia ya kuwafikia.

Sasa tuangalie bando lenyewe. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Ukilipa kila siku ni Sh73,000 kwa mwaka. Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba mitandao hiyo ni ya umbeya. Watu wakakimbilia VPN ili kuikwepa. Mamlaka ya Mapato (URA) ilitarajia Sh284 bilioni katika mwaka wa kwanza, ikapata Sh49.5 bilioni. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, na kuanzia Julai mwaka huo ikaja nyingine, ya asilimia 12 kwenye data ya intaneti.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole. Sheria hiyo ya mwaka 2021 ilitenga mambo mawili yasitozwe: data inayotumika kutoa huduma za tiba, na data inayotumika kutoa huduma za elimu. Maana yake ni kwamba Bunge lenyewe lilitambua kuwa kusoma kwa intaneti si anasa. Tuwape heshima yao kwa hilo.

Lakini muuguzi wangu wa pale kibandani ni mtu wa tiba na ni mwanafunzi, kwa hiyo sheria inamtaja mara mbili. Je, alipunguziwa? Hapana. Bando halijui kama linabeba somo la ngeli au mechi ya Arsenal. Alilipa kama wote, na juu yake ipo VAT ya asilimia 18. Ukipiga hesabu ya kodi hizo mbili, katika kila Sh1,000 anayotoa, takriban Sh240 si data. Kwa miaka yote hii sijawahi kuona kibanda chenye kuuza bando la elimu ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinunua kwa haki hiyo ya kisheria.

Wapo watakaosema kwamba njia ni kufungua tovuti maalumu za masomo bila malipo, na wakati wa corona jambo hilo lilijaribiwa. Ni jema, nami sipingi. Tatizo ni kwamba linamsaidia aliyeandikishwa kwenye chuo chenye tovuti. Mtoto wa Kifumbira na mama wa Busia hawasomi kwenye tovuti. Wanasoma pale mwalimu wao alipo, na mwalimu wao yuko WhatsApp.

Wafanyabiashara wasidhani kwamba haya ni ya watoto tu. Mpakani watu wanajifunza kazi kila siku kwa simu, ingawa hawaiti masomo. Ni kwenye makundi ndiko mama anakoambiwa kwamba bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zinaweza kuvuka kwa utaratibu rahisi wa cheti cha asili ya bidhaa, bila kutafuta wakala wa forodha. Elimu hiyo ina thamani ya fedha taslimu.

Ila elimu isiyo na mwalimu ina hatari yake. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye, tarehe 10, zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji ajiandikishe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kiwango cha sumu. Habari ya zuio ilisambaa kwenye makundi kwa saa chache. Habari ya masharti haikuwa na miguu. Mwanakundi wetu mmoja aliacha mahindi yake ghalani kwa wiki tatu, kwa kuwa ujumbe ule ule wa zuio uliendelea kumfikia kila asubuhi kutoka kwa watu tofauti, kama vile umeandikwa leo. Alipopata habari kamili, bei ilikuwa imeshuka na gunia mbili zimeota ukungu. Hakuna aliyemdanganya. Hakukuwepo tu mtu wa kujibu.

Linganisha na hili. Hapa Mulago, Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza (IDI) ya Makerere iliendesha tangu miaka ya 2000 kituo ambacho mhudumu wa afya aliye mbali mikoani alipiga simu, simu ya kawaida tu, akauliza kuhusu dawa za UKIMWI na kujibiwa na mtaalamu anayejulikana. Teknolojia yake ilikuwa duni kuliko WhatsApp, lakini jibu lilikuwa na mwenyewe. Ukikosewa unajua wa kumrudia.

Tena kuna suala la siri. Katika zahanati moja ya mjini nimewahi kuonyeshwa kwenye kundi la kazi picha ya kidonda cha mgonjwa, uso wake ukionekana wazi. Aliyeituma alitaka ushauri, hakuwa na nia mbaya. Lakini Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2019, na mgonjwa yule hakuulizwa. Sisi walimu nasi tusijione wasafi. Marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta yaliyotiwa saini Oktoba 2022 yalikataza kusambaza habari za mtoto bila idhini ya mzazi. Ni walimu wangapi waliotuma kwenye kundi la wazazi orodha ya alama za darasa zima? Mimi nimewahi. Nimeacha.

Ninajua hoja ya wakuu wa shule wanaokataza simu: zinaleta picha chafu, wizi wa mitihani na usingizi darasani. Wana haki. Sisemi mtoto wa kidato cha kwanza aingie darasani na simu mfukoni. Ninasema simu ya mzazi saa tatu usiku ni sehemu ya shule tayari, tutake tusitake, na kuifumbia macho hakumlindi mtoto.

Pia tusiweke mayai yote kwenye kapu hilo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti nchini ilizimwa kwa siku kadhaa. Kundi letu lilikatika katikati ya somo. Waliokuwa na daftari waliendelea. Waliokuwa wakisikiliza tu bila kuandika walirudi mikono mitupu. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba kila somo la simu liishie kwenye karatasi.

Basi tufanye nini? Kwanza, URA na kampuni za simu wakae chini waitafsiri ile haki iliyomo kwenye sheria ya 2021 mpaka ifike kibandani. Walimu na wahudumu wa afya wameandikishwa, namba zao za simu zimesajiliwa kwa vitambulisho. Kuanzia na hao si jambo la miujiza. Pili, kila kundi la kazi au la masomo liwe na mtu mmoja anayewajibika, na ujumbe wa sheria au bei usipokelewe bila tarehe na chanzo. Wafanyabiashara wa mpakani wanaweza kuanza na hili leo, bila kusubiri serikali. Tatu, Wizara ya Elimu ihesabu saa ambazo mwalimu anafundisha kwa simu kuwa ni kazi, iziwekee mipaka na izilipie.

Sisi tuliosoma ugenini tunajua kwamba shule si ukuta. Tulisoma chini ya miti ya watu wengine, kwa redio ya watu wengine. Kilichotuponya ni kwamba alikuwepo mtu aliyekubali kutumia betri kwa ajili yetu.

Usiku ule muuguzi alipomaliza kusikiliza, aligeuka akaniona. Tukacheka. Kisha akaniambia, "Mwalimu, dakika tatu ni nyingi. Bando langu linaisha saa sita." Kesho yake somo lilikuwa la dakika mbili.